Tupeane uzoefu: uwatu, mlonge na maziwa ya mzazi

Mama wa Jang'ombe: Wenzangu, jana nilikwenda kumtazama mzazi hapa mtaani nikakuta chumba kizima kinanukia uwatu, nikakumbuka arubaini yangu mwenyewe. Bibi yangu alikuwa akiuloweka usiku, akiusaga asubuhi na kuupika ndani ya uji, nami nikiunywa huku nimebana pua kwa uchungu wake. Jasho na mkojo vilinukia sukari iliyoungua, na maziwa yaliongezeka, ingawa huenda ulikuwa uji wa moto na usingizi niliokuwa nikiachiwa nilale. Nani alitumia nini, na kilimfaa?

Mke wa Mvuvi, Nungwi: Uji wa pilipili manga, bila ya shaka yoyote.

Bint Wete: Uwatu ukitajwa, mwili hunisisimka. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, yalitoka matone machache ya dang'a kisha kimya, na kila aliyeingia kunitazama alikuja na dawa yake: huyu uwatu, huyu majani ya mlonge yaliyokaushwa, yule habasoda iliyochanganywa na asali. Nilivinywa vyote. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, nepi yake ikabaki kavu tangu adhuhuri hadi magharibi, na mawifi wakaanza kunong'onezana kwamba nimepigwa jicho. Damu ya uzazi nayo, badala ya kupungua, ilizidi, na usiku mmoja yakatoka mabonge nikaanguka msalani. Hospitalini walikuta kipande cha kondo la nyuma kimesalia ndani ya kizazi. Daktari alinieleza kwamba maziwa huja kwa wingi pale homoni ya projesteroni inaposhuka baada ya kondo kutoka lote, na kwamba kwa sababu ya kipande kile mwili wangu ulikuwa ukienda kama bado una mimba. Niliposafishwa, maziwa yalijaa. Uwatu wa soko zima la Darajani usingenifaa kitu.

Mama wa Jang'ombe: Subhanallah, dada yangu! Na mtoto alisalimika?

Bint Wete: Alhamdulillahi, sasa anasoma chuoni na anakula kuliko ndugu zake wote.

Somo wa Makunduchi: Pole sana, mwanangu. Ila nashangaa hakuna aliyetaja asumini. Mimi huwakataza wazazi ninaowahudumia kuweka kikuba, yaani kishada cha maua hayo, kifuani mpaka maziwa yashike.

Kijana wa Shangani: Huo ni ushirikina, bibi. Mama yangu alivaa asumini arubaini nzima na sote tulinyonya tukashiba.

Somo wa Makunduchi: Mjukuu wangu, mwaka 1988 ulichapishwa utafiti kutoka India, ambapo maua ya asumini yaliyobandikwa kwenye matiti yalipunguza maziwa ya wanawake waliotaka kuyakausha, karibu sawa na dawa ya bromokriptini. Mama yako aliyavaa kifuani au kichwani?

Kijana wa Shangani: Kichwani.

Somo wa Makunduchi: Haya.

Mkunga Mstaafu, Chake Chake: Uwatu hushusha sukari mwilini, kwa hiyo mwenye kisukari anayetumia dawa asiunywe kabla ya kumwambia daktari, wala anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, wala anayedhurika na njugu nyasa au dengu, kwani mimea hiyo ni jamaa moja. Uchambuzi wa mwaka 2020 wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikuta ushahidi wa dawa za kuongeza maziwa ni dhaifu. Titi lisilotolewa maziwa hupunguza kuyatengeneza, hivyo mtoto anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, na usiku usirukwe. Akitimiza siku 5 na bado analowesha nepi chini ya 6 kwa mchana na usiku, apelekwe akapimwe uzito.

Mke wa Mvuvi, Nungwi: Mkunga wangu aliniambia uwatu ni chakula tu na hauna madhara kwa yeyote.

Mkunga Mstaafu, Chake Chake: Basi mkunga wako hajamwona mwenye kisukari akitetemeka na kulowa jasho.

Baba wa Mkoani: Mke wangu aliagizwa supu ya pweza. Shida ni kwamba kila jioni pweza humalizwa na wanaume wasionyonyesha.

Mke wa Mvuvi, Nungwi: Nanyi mwajijua kwa nini mwamgombania.

Mama wa Jang'ombe: Turudi kwenye mlonge: hutumika majani au mizizi?

Somo wa Makunduchi: Majani tu, utie kwenye mchuzi karibu na kuepua. Mizizi na maganda yake usiyaguse, hasa ukiwa na mimba.