Naomba ushauri: ni programu gani ya simu inayoaminika kufuatilia ukuaji wa mtoto wa miezi 20?

Mama_Kitindamimba: Wanajukwaa, heshima kwenu. Nina mtoto wa kiume wa miezi 20, na hatua za ukuaji wake nazifuatilia kwa programu mbili za simu. Moja inasema yuko sawa, nyingine imempa alama ya njano upande wa mawasiliano, na tangu niione alama hiyo usingizi umenipaa. Anakimbia, anapanda ngazi na anakula vizuri. Naomba mnielekeze ipi ni ya kuaminika, ili niifute nyingine.

Mlezi_Mstaafu: Mwanangu, watoto hawafanani. Wangu wa tatu alichelewa kutembea mpaka majirani wakaanza kunong'ona, kumbe alikuwa ndani ya muda wake. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2006 kwamba watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8.2 na 17.6. Wazazi wa siku hizi mnaitazama simu kuliko mnavyomtazama mtoto, na hofu yenu mnamwambukiza.

Baba_Pacha: Kabla ya kufuta chochote, je, alizaliwa kabla ya wakati? Pacha wangu walizaliwa wiki nane mapema, na programu iliwaona wamechelewa kwa kila jambo hadi tulipoanza kuhesabu umri wao kuanzia tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa. Hesabu hiyo hutumika mpaka mtoto afikishe miaka miwili.

Nesi_wa_Watoto: Dada, umetueleza anavyokimbia, lakini alama ya njano iko kwenye mawasiliano. Ni maswali gani uliyojibu "bado"? Ana maneno mangapi sasa, na miezi michache iliyopita alikuwa na mangapi?

Mama_Kitindamimba: Alizaliwa kwa wakati wake. Kuhusu maneno, alikuwa akisema "mama", "maji" na "taa", lakini ameyaacha. Nikimwita jina mara nyingi hageuki, ingawa mlango ukigongwa anageuka, kwa hiyo masikio yake ni mazima. Sikuyaandika haya mwanzoni kwa sababu tumeshakubaliana nyumbani kusubiri atimize miaka miwili. Baba yake naye alichelewa kusema. Isitoshe, dodoso la M-CHAT-R, lile la kupima dalili za usonji kwa watoto wadogo, lilimpa alama 4 tu, nami nimesoma kwamba hatari kubwa huanzia 8.

Nesi_wa_Watoto: Umesoma sawa, ila umeishia njiani. Dodoso hilo lina maswali 20, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo. 3 hadi 7 zinadai mahojiano ya pili, ambapo mtaalamu anarudia maswali uliyoyajibu kwa namna ya kutia shaka na kuomba mifano. Mtoto wako yuko kwenye kundi hilo la kati. Tena hakuna swali hata moja kati ya yale 20 linalouliza kama mtoto amepoteza maneno aliyokuwa nayo, na hilo peke yake, katika umri wowote, linatosha kumpeleka kwa daktari bila kungoja siku ya kuzaliwa. Kugeuka mlango unapogongwa hakuthibitishi usikivu mzima, kwani mtoto anaweza kusikia kishindo na akakosa sauti za maneno. Apimwe masikio.

Baba_Pacha: Sisi pia tuliambiwa tusubiri, na kweli wakasema. Lakini wangu hawakuwahi kupoteza neno.

Msomaji_Makini: Mniwie radhi, mimi nina shaka na uzi huu. Kwanza mtoto hana tatizo ila alama ya njano, kisha maneno yamepotea, kisha linatajwa dodoso lenye alama zake kamili. Nimeshaona nyuzi zinazotungwa ili mwishoni litajwe jina la programu ya kulipia.

Mlezi_Mstaafu: Hata mimi nimejiuliza. Mama gani aanze na ngazi, amalizie na maneno yaliyopotea?

Mama_Kitindamimba: Sijataja jina la programu yoyote kati ya hizo mbili, wala sitalitaja. Mnataka niwaeleze nini? Akitaka maji haoneshi kwa kidole. Ananishika kifundo cha mkono, anauvuta mkono wangu mpaka kwenye kikombe na kuuweka juu yake, huku akikitazama kikombe na si uso wangu. Zamani alikuwa akisema "maji" na kunitazama. Nilianza na ngazi kwa sababu za ngazi naweza kuziandika bila kulia.

Nesi_wa_Watoto: Hata kama uzi ungekuwa wa kutunga, jibu lingekuwa hilo hilo kwa mzazi mwingine anayeusoma. Dada, hayo ya kikombe yarekodi kwa simu, pamoja na namna anavyoitikia jina lake. Ukiwa na video za zamani anaposema "taa", zibebe pia, kwa sababu chumbani kwa daktari mtoto anaweza asioneshe lolote kati ya hayo. Nenda pia na majibu yote 20 uliyoyajaza, si jumla yake tu.

Mama_Kitindamimba: Video za "taa" ninazo. Baba yake bado anasisitiza tusubiri, na sitaki nionekane nimempita. Kipimo cha masikio hawezi kukikataa, kwa hiyo nitaanza na hicho wiki hii.

Nesi_wa_Watoto: Anza nacho, na siku hiyo hiyo omba rufaa ya uchunguzi wa ukuaji. Majibu ya masikio yakiwa mazuri, maneno matatu bado yatakuwa yamepotea.