Tupeane uzoefu: mliojifungua kwa kupasuliwa, nani aliwafundisha kuamka, kukohoa na kutembea?

Banamama wa Bukavu na Goma, habari zenu. Hapa kwetu mtu akisikia kine, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anawaza aliyeanguka na pikipiki akavunjika mguu. Mama aliyefanyiwa sezariene anapewa dawa ya maumivu, anabadilishiwa bande, anaambiwa pole, anarudi nyumbani. Mimi nilibahatika, kine alipita wodini kwetu kitanda kwa kitanda. Kidonda hakukigusa. Alinionyesha tu kuamka: kunja magoti, geuka ubavu mwili wote pamoja, shusha miguu, ndipo ujisukume kwa mikono. Ukiinuka kwa nguvu ya tumbo, maumivu yanakukata pumzi. Ukitaka kukohoa au kucheka, kumbatia kwanza mto mdogo juu ya kidonda. Haya yangefundishwa tangu CPN, kliniki ya wajawazito! Leteni yenu.

Mama wa Kadutu
Mama mkwe, kwa mapenzi yake, alikataza nisitikisike mpaka nyuzi zitoke. Munganga wa hospitali akamweleza kwa heshima, mbele yangu: damu ya aliyejifungua huganda upesi, akilala tu inaweza kuganda miguuni, na kipande kikapanda mpaka mapafuni. Ndiyo maana wanapenda mama asimame ndani ya saa 24, hali yake ikiruhusu. Kabla ya kusimama nilikuwa napandisha na kushusha nyayo palepale kitandani. Gesi ya tumbo iliniuma kuliko kidonda. Ilianza kutoka nilipotembea koridoo, mama mkwe mwenyewe akinishika mkono.

Mama mapacha, Bagira
Kwangu shida ilikuwa nyumbani. Mnaijua milima yetu, na maji yanavyokatika. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20, na mimi nimeambiwa wiki sita nisibebe kitu kizito kuliko mtoto! Bwana yangu ndiye alikuwa anashuka kuchota. Majirani walisema weee, yeye akaendelea kupanda na bidoni yake. Mungu ambariki.

Mama wa Goma
Hongera kwa bwana huyo. Mimi nina swali: dada zangu wananifunga kikwembe kwa nguvu ili tumbo lirudi. Inasaidia ao inaharibu?

Mkunga, Ibanda
Kikwembe cha kushikilia tumbo, kisichobana, kinapunguza maumivu unapotembea. Kikikazwa mpaka pumzi inakuwa fupi, msukumo unashukia misuli ya chini, ile inayozuia mkojo. Misuli hiyo ilibeba mimba miezi yote, kwa hiyo hata aliyepasuliwa anahitaji kuifanyia mazoezi. Bomba la mkojo likishatolewa, ikaze kama unayezuia mkojo na haja kubwa, hesabu pole pole huku unapumua, achia kabisa, rudia. Usifanye ukiwa unakojoa kweli.

Maji ya moto juu ya kidonda, hapana. Na ukiona usaha, homa, damu nyingi, shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, ao pumzi inabana, acha mazoezi, nenda hospitali mara moja. Usingoje asubuhi.

Mama wa Kadutu
Mkunga, kovu langu limepita mwaka, na bado linavuta nikiinua mikono kuanika nguo. Nimechelewa?

Mkunga, Ibanda
Hujachelewa, mama. Kovu lililofunga vizuri, kwa kawaida baada ya wiki sita na munganga ameliangalia, linaweza kukandwa: vidole safi, mafuta kidogo, unasogeza ngozi taratibu huku na huku ili isishikamane na nyama ya chini. Muone kine akuonyeshe kiasi cha nguvu. Likiuma sana ao likifanya uvimbe, lipimwe kwanza.

Aliyeanzisha mada
Asanteni. Anayejua kituo cha Bukavu ao Goma ambako kine anapokea banamama waliojifungua, aandike mtaa na bei aliyolipa. Wengi hawaendi kwa sababu wanaogopa bei wasiyoijua.