Manyara, Olduvai au Seronera: wapi pa kupeleka watoto na bibi yao?

Mama Watatu
Wakuu habari zenu. Desemba mama mkwe anakuja Arusha kutoka Kyela, na hajawahi kuona hata twiga. Watoto ni watatu: wa mwisho ana miaka minne, mkubwa yupo kidato cha kwanza. Gari ni Noah. Sitaki siku nzima ya kukaa garini na kuchungulia dirishani. Nataka sehemu yenye kituo cha wageni cha maana, watoto wasome mabango na kunyoosha miguu, bibi apate kivuli na choo kisafi. Nimebaki na tatu: Hifadhi ya Manyara, makumbusho ya Korongo la Olduvai, na Seronera kule Serengeti. Mwenye uzoefu anipe mwongozo.

Dereva wa Makuyuni
Seronera kwenda na kurudi siku moja kutoka Arusha, sahau. Lami inaishia geti la Loduare, kuanzia hapo ni vumbi na mtikisiko, hiyo Noah utaionea huruma. Kingine ambacho watu hawakipigii hesabu: kufika Seronera kwa njia hiyo lazima ukatize Ngorongoro, kwa hiyo unalipa kiingilio cha Ngorongoro na cha Serengeti. Ukilala huko, siku ya kurudi unalipa Ngorongoro tena, maana kibali ni cha saa 24. Kwa watu sita pesa imeshakatika kabla hamjanywa hata soda.

Manyara ni lami mpaka getini, pale Mto wa Mbu. Kwa familia na gari dogo sioni cha kujadili.

Nyumbu Mtoro
Dereva unasema kweli ila Seronera unaiponda bure. Kituo kama kituo, pale ndiyo baba lao. Kuna njia ya miguu inayozunguka mawe makubwa, mabango yanaeleza mzunguko wa nyumbu mwaka mzima, na pimbi wamejilaza juu ya mawe hawana habari na mtu. Mwanangu alichuchumaa mbele ya pimbi mmoja mpaka ikabidi nimnyanyue. Simba tuliowaona asubuhi ile hakuwataja tena! Mkikaa mezani kula, kwenzi wanasogea mpaka karibu na sahani.

Halafu mkiwa njiani, geti la Naabi mnapanda kilima kwa mguu na kuiona mbuga yote kwa chini. Mvua za vuli zikinyesha vizuri, Desemba nyumbu wanakuwa tayari upande huo. Lakini ni safari ya kulala, na ya Landkruza. Hapo nakubali.

Mwalimu wa Zamu
Naitetea Olduvai kwa ajili ya huyo wa kidato cha kwanza. Zinjanthropus darasani ni jina la kukariri tu, ukilikosea herufi unakosa maksi. Pale mwelekezaji anawakalisha kwenye kivuli ukingoni mwa korongo na kuwaonyesha kwa kidole tabaka za udongo, moja juu ya nyingine, lile jekundu likionekana waziwazi kuliko yote. Kisha anawaambia: kule chini, Julai 1959, Mary Leakey aliliona fuvu likichungulia kwenye udongo, la huyo Zinjanthropus, zamadamu aliyeishi takriban miaka milioni 1.75 iliyopita. Mtoto aliyekuwa anasinzia anaanza kuuliza maswali.

Makumbusho mapya yalifunguliwa 2017. Ndani kuna nakala ya nyayo za zamadamu za Laetoli, zile za miaka milioni 3.6. Nyayo zenyewe zilifukiwa tena kule kule Laetoli zisiharibike. Watoto wote wanafanya kitu kilekile, wanasogeza mguu karibu na kulinganisha. Fuvu pia ni nakala, lenyewe lipo Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, msije mkabishana na mwelekezaji.

Ila niwe mkweli: wa miaka minne atachoka mapema sana. Ukitoa mijusi, pale hakuna mnyama wa kumchekesha. Na mbebe sweta na kofia vyote. Asubuhi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mnakopita, una ukungu wa kutetemesha, mkifika korongoni jua linawaka.

Kaka wa Karatu
Nyongeza kwa Mwalimu: Olduvai ipo ndani ya Ngorongoro, siyo hifadhi ya taifa. Kibali cha TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, hakikusaidii pale, na makumbusho yana malipo yake juu ya kiingilio cha Ngorongoro. Mkiamua huko, laleni Karatu, kuna gesti za bei zote, muwahi geti linapofunguliwa. Mafuta jazeni Karatu.

Chai Rangi
Mbona hakuna aliyeitaja Hifadhi ya Taifa Arusha? Ipo mlangoni kwenu. Ukipita geti la Ngongongare tu, Serengeti Ndogo hiyo hapo, twiga, pundamilia na nyati. Mbega wako msituni, flamingo Momella. Mnaweza hata kutembea kwa mguu mkiwa na askari mwenye silaha.

Mama Watatu
Chai Rangi, Arusha watoto walishapelekwa na shule, watasema nimewarudisha darasani 😂. Seronera naiweka kiporo. Sasa Manyara: lile daraja la juu ya miti ni kweli lipo? Na bibi ana magoti.

Shangazi Mto wa Mbu
Lipo, mama, na halipo mbali na geti. Ni madaraja ya kuning'inia kati ya miti, jumla mita 370, yana wavu pembeni. Linalipiwa peke yake. Wakubwa watafurahi. Mdogo mwulizeni mhudumu kwanza, na akipanda ashikwe mkono, linayumba. Bibi msimpandishe kwa magoti hayo. Abaki chini kivulini. Msitu ule unanyweshwa na chemchemi zinazotoka chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, hata kiangazi ni kijani na ubaridi. Kima watamfuata wenyewe.

Vioo vya gari fungeni mkiegesha. Nyani wa pale akiona ndizi haombi. Na mkitoka, ndizi nyekundu zinauzwa hapa kijijini, bibi akaonje.

Mwalimu wa Zamu
Shangazi umenishinda kwa huyo wa miaka minne na kwa bibi. Kwa wa kidato cha kwanza bado sijashindwa.

Mama Watatu
Basi Manyara wote sita. Olduvai baba yao atampeleka mkubwa peke yake, wapande gari la watu wanaojua ile barabara. Asanteni sana. Malipo nalipia getini?

Dereva wa Makuyuni
Pesa taslimu hawapokei. Unapewa control namba, unalipa kwa simu au benki, kwa hiyo simu iwe na salio na chaji. Bebeni vitambulisho vya NIDA, wewe, mumeo na bibi, mpate bei ya Mtanzania. Wa miaka minne halipiwi.