Vifuu vyangu vyaota ukungu, naomba ushauri

Asalam aleikum waungwana, na wakubwa shikamooni. Mie si fundi, hata kushona kifungo hunishinda, lakini nimependa kutengeneza vibakuli vya kuwekea funguo na sarafu kwa vifuu vya nazi. Gharama karibu hakuna: hapa nyumbani twakuna nazi kila mara na vifuu huishia kuwashia moto. Cha kununua ni msasa tu.

Nasugua kwa msasa mkali, kisha laini, mpaka nyuzi zote zitoke, halafu napaka mafuta ya nazi. Vyang'aa kweli, mpaka wageni waniulizia bei! Lakini siku chache baadaye, kwa unyevu huu wa Mombasa, ndani huota ukungu na kunuka mafuta yaliyochacha. Nimejaribu kuvianika juani, vingine vikapasuka. Jirani asema nipake vanishi, ila watoto watatia njugu humo, sina amani nayo.

Naomba kujua: kifuu chakaushwa vipi bila kupasuka? Na badala ya mafuta ya nazi nipake nini, cha bei nafuu, kipatikanacho Marikiti au Kongowea, kisichodhuru chakula?