Sindano kavu: je, treina wa timu anaruhusiwa kuchoma?

Mama Chela:
Binti yangu anakimbia mita 5000 katika chuo kimoja nchini Marekani. Tangu arudi huko kutoka likizo ya Eldoret, shavu la mguu wake wa kushoto limekaza, na mhudumu wa afya wa timu, yule wanayemwita treina, anataka kumchoma sindano kavu. Amenitumia picha: sindano ni nyembamba kama unywele na haina dawa. Je, hiyo si kazi ya daktari?

Treina Ughaibuni:
Shikamoo, mama. Nafanya kazi hiyo hiyo huku. Treina si kocha wala mbeba barafu; amefaulu mtihani wa bodi ya taifa, na wanaoingia sasa husoma hadi shahada ya uzamili. Hata hivyo, cheti hicho peke yake hakimpi ruhusa ya kuchoma, kwa sababu kila jimbo lina sheria yake: yapo yanayoruhusu kwa sharti la mafunzo ya ziada, yapo yanayokataza, na yapo ambayo sheria imenyamaza, na hapo ndipo mabishano huzuka. Binti asione haya kumuuliza treina wake alijifunzia wapi, na kama daktari wa timu ameridhia.

Fizio wa Moshi:
Naongeza kuhusu tiba yenyewe. Sindano ni zilezile za akupancha, ile tiba ya jadi ya Kichina ya kuchoma sindano, lakini hapa mchomaji hupapasa misuli mpaka apate kifundo kinachouma, akakilenga, na mara nyingi misuli hushtuka ghafla kama samaki aliyeguswa. Daktari Karel Lewit wa Chekoslovakia aliandika mwaka 1979 kwamba nafuu inaweza kuletwa na sindano yenyewe, hata bila dawa. Nafuu hiyo kwa kawaida ni ya muda mfupi, kwa hiyo mazoezi ya kuimarisha misuli hayaepukiki. Mimi huogopa zaidi sindano ya begani, ambako ncha ya pafu iko karibu, na hewa ikivuja pafu husinyaa. Lakini umetaja safari. Ikiwa shavu hilo limevimba au lina joto baada ya saa nyingi ndani ya ndege, asichomwe. Aonwe na daktari siku hiyohiyo, kwani huenda damu imeganda mshipani.

Mama Chela:
Asanteni. Nimempigia, akapima mashavu yote mawili kwa utepe. La kushoto limezidi. Treina mwenyewe ndiye anayempeleka hospitalini sasa hivi.