Mrejesho: 4,294,967,297 si namba tasa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1, ni namba tasa. Nilikuwa nimegawanya kwa namba tasa zote hadi 300 na kitu, kila mara inabaki baki, nikachoka. Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, naye aliamini ni tasa, kama zilivyo wenzake wa aina hiyo hiyo 3, 5, 17, 257 na 65,537 (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ukiongeza 1).

Mmoja wenu alinipa dokezo lililonifungua macho: kigawanyo chochote tasa cha namba hii, ukitoa 1, lazima kigawanyike kwa 64. Kumbe sikuhitaji kuhangaika na zote! Zinabaki 193, 257, 449, 577, 641... Nne za mwanzo zikakataa. Nikaingia kwenye 641 kwa mkono, kalamu na karatasi. Mwishoni nimebakiwa na 448, nashusha ile 7 ya mwisho, napata 4,487. Na 641 mara 7 ni 4,487 kamili. Baki sifuri! Nilirudia mara mbili kabla ya kuamini.

Kwa hiyo ni 641 × 6,700,417, na hiyo ya pili nayo ni tasa. Mwanahisabati Euler alikipata kigawanyo hiki cha 641 mwaka 1732.

Kinachonivutia zaidi ni 641 yenyewe: ni 5 × 128 + 1 (128 ni 2 kwa kipeo cha 7), na pia ni 625 + 16, yaani 5 kwa kipeo cha 4 ukiongeza 2 kwa kipeo cha 4. Kutokana na hizo sura mbili tu unaweza kuthibitisha kwamba inagawanya, bila kugawanya kabisa. Asanteni sana, nimejifunza.