Naomba ushauri: usomaji wa watoto kuhusu viumbe na mazingira, likizo ya Juni, Kigoma

Ndugu wanachama, ninajitolea kuwasomea watoto katika maktaba ya umma hapa Kigoma, na likizo hii ningependa kila kitabu kiambatane na jambo la kushika kwa mkono. Juzi tulisoma habari za sokwe wa Hifadhi ya Gombe, ambao mtafiti Jane Goodall aliwaona mwaka 1960 wakivua mchwa kwa vijiti vya nyasi. Mtoto mmoja akatoka nje, akachuma unyasi na kuuchomeka polepole kwenye kichuguu. Nilifurahi mno. Hata hivyo, watoto ni 30 na nakala ni nne tu. Mliowahi kuendesha usomaji wa namna hii mliwagawaje watoto, na ni shughuli zipi za ziwani, mbali na kuchora samaki kama migebuka na dagaa, zilizowarudisha kitabuni?